Laptopu mbili, usingizi wa aina tatu: miezi minane ya kulaza Linux nikiwa Umoja, Nairobi

Nilijua mambo yameharibika tulipofika Makadara. Mkoba nilikuwa nimeupakata, laptopu imo ndani, kifuniko nimekifunga kwa mkono wangu kabla ya kutoka nyumbani, na mapaja yalikuwa yakiungua kama ya mtu aliyepakata sufuria ya githeri. Jogoo Road ilikuwa imeganda. Jumatatu asubuhi, mvua ya rasharasha, madirisha ya matatu yamefungwa yote. Nikafungua zipu nikatia mkono: feni inavuma. Kondakta akanitazama, akasema, "Mathe, umebeba jiko?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa napiga hesabu. Betri iliyotoka Umoja ikiwa na asilimia 91 ilifika mjini na 34, na nilikuwa na hati ya kiapo ya kurasa kumi na nne ya kumkabidhi wakili saa nne.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichunguza Linux, mfumo unaoendesha laptopu zangu, kwa jambo hili moja tu, la kulala na kuamka. Mambo ya urembo wa skrini na kasi waandike wengine. Mimi nataka kujua nikifunga kifuniko kama kitu kimelala kweli, na nikikifungua kesho kama nitaikuta kazi yangu pale nilipoiacha.

Sababu ni kazi yenyewe. Nafasiri hati za viapo, mikataba ya upangaji, vyeti vya kuzaliwa vya watu wanaotafuta viza. Saa yoyote ukinikuta nina madirisha kama ishirini wazi: hati ya asili kushoto, tafsiri kulia, kamusi tatu, orodha ya istilahi, barua pepe ya wakili anayeuliza imefika wapi. Kuyafungua yote upya na kurudi kwenye sentensi niliyokuwa naikata hunila karibu nusu saa. Na mtaani kwetu stima haibishi hodi ikiondoka. Inaweza kwenda saa moja jioni ikarudi saa nne usiku, au ikarudi kwa dakika mbili kukutania.

Laptopu ninazo mbili, zote za mtumba, zile ambazo wauzaji wa mjini huziita ex-UK. Majina ya watengenezaji nayaacha. Ya kwanza nitaiita Kongwe: prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, kumbukumbu ya GB 8, niliinunua mwaka 2019 kwa shilingi 26,000. Ya pili ni Changa: kizazi cha 11, GB 16, nyembamba, nyepesi, shilingi 48,000 Januari iliyopita. Zote mbili nimezitia toleo moja la Linux, kerneli ile ile, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongoza chombo. Kwa hiyo tofauti nitakazosimulia si za programu, ni za chombo na namna kerneli inavyolazimika kuishi nacho.

Sasa usingizi wenyewe. Kerneli huelewana na mashine kupitia kanuni iitwayo ACPI, ambayo Intel, Microsoft na Toshiba waliitoa Desemba 1996. Humo hali za usingizi zimepewa namba, S3, S4 na kadhalika, namba ambazo hazisemi kitu kwa mtu wa kawaida. Kiswahili kimeshazigawa vizuri zaidi, kwa hiyo nitatumia chetu.

Kuna mang'amung'amu. Hapa kerneli huzigandisha programu zako, huviambia vifaa vipunguze matumizi ya umeme, kisha huiacha prosesa ikae bila kazi. Hakuna kilichozimwa kwa hakika. Linux huuita usingizi huu s2idle.

Kuna usingizi wa pono, yule samaki anayelala hata ukimshika. Hiyo ndiyo S3, na kerneli huiita deep. Prosesa inazimwa, vifaa karibu vyote vinazimwa, kumbukumbu peke yake ndiyo inayopewa tone la umeme isisahau. Ukifungua kifuniko inaamka kwa sekunde mbili au tatu.

Halafu kuna fofofo. Kerneli huchukua kila kilichomo kwenye kumbukumbu, ikakiandika diskini, ikazima mashine kabisa. Unaweza kung'oa betri, ukaiweka kabatini mwezi mzima, ukaiwasha ukayakuta madirisha yako ishirini. Kwa Kiingereza neno lao, hibernate, wamelikopa kwa wanyama wanaolala majira yote ya baridi. Sisi hatuna majira hayo, na tafsiri zote nilizojaribu zilinikwama kooni, ndiyo maana nasema fofofo.

Kuijua mashine yako inaweza usingizi upi, unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

cat /sys/power/mem_sleep

Kongwe hujibu s2idle [deep]. Mabano yanaonyesha usingizi uliochaguliwa. Changa hujibu [s2idle], basi. Pono hayumo. Nilikaa nikilitazama jibu hilo kama mtu aliyenunua nyumba akagundua haina jiko.

Na si hitilafu. Microsoft ilipoingia na Windows 10 ilisukuma mtindo wa Modern Standby, kompyuta ilale kama simu, ikiendelea kupokea barua huku imefunga macho. Watengenezaji wengi wakaufuata, na katika mashine nyingi za miaka ya karibuni wakaiondoa S3 moja kwa moja kwenye programu dhibiti ya chombo. Kerneli haiwezi kutumia usingizi ambao mashine haiutoi. Baadhi ya laptopu zina chaguo la kuurudisha ndani ya BIOS, ile mipangilio ya chombo inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Nimeipekua BIOS ya Changa ukurasa kwa ukurasa, halimo.

Mang'amung'amu ikifanya kazi vizuri, mtu huenda asione tofauti. Kwangu ilionekana. Nililaza Changa usiku mmoja ikiwa na asilimia 78, nikaikuta asubuhi na 51. Usiku uliofuata nikailaza Kongwe, yenye betri iliyochoka, ikapoteza asilimia 4.

Nikarudi nayo dukani. Kijana wa kaunta, mstaarabu tu, akaniambia, "Kastoma wangu, hiyo ni betri. Hizi hukuja zimetumika." Nikamwambia mashine ikiwa wazi nikiandika, betri hudumu kwa muda wa saa tano bila shida. Akasema, "Basi zima kabisa ukimaliza, mum." Nikanunua betri nyingine kwa shilingi 4,500. Usiku huo huo ikashuka asilimia 26. Shilingi 4,500 hizo naziandika kwenye daftari la ujinga wangu mwenyewe, maana jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja niliouandika hapo juu, na ningeweza kuuandika dukani kabla ya kulipa. Unabeba flashi yenye Linux ya kujaribia, unaomba uwashe nayo, unaandika mstari huo. Muuzaji atakutazama vibaya. Mwache atazame.

Lakini kupungua usiku hakukuelezea jiko la matatu. Asilimia 57 kwa saa moja na nusu si kulala vibaya, ni kutolala. Hapa ndipo nilipoanza kuipenda Linux, kwa sababu inaandika kila kitu. Kila ikilala huacha mstari wa suspend entry, kila ikiamka huacha suspend exit, na saa, dakika na sekunde. Nikatafuta za Jumatatu ile kwa journalctl, amri ya kusoma maandishi hayo. Kutoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilipotoka mlangoni, hadi nilipofika mjini, Changa ilikuwa imelala na kuamka mara thelathini na saba.

Mara thelathini na saba! Inaamka, inakaa nusu dakika au zaidi, inagundua kifuniko bado kimefungwa, inalala, inaamshwa tena. Kama mtoto aliyelazwa sebuleni wageni wakiongea.

Aliyekuwa akiiamsha ni kipanya. Natumia kipanya kisicho na waya, na kile kipokezi chake kidogo kama ukucha nilikuwa nimekiacha kwenye tundu la USB. Kipanya chenyewe kilikuwa mfuko wa pili wa mkoba ule ule, kimewashwa. Matatu ikiruka tuta, kipanya kinasogea, kipokezi kinapiga kelele. Ajabu yake ni kwamba kerneli kwa kawaida huziruhusu kibodi za USB kuamsha mashine, lakini si vipanya. Ila kipokezi cha aina hii kimetengenezwa kihudumie kibodi pia, kwa hiyo hujitambulisha kwa mashine kama kibodi. Kipanya kilipita mlangoni kwa kitambulisho cha mwenzake.

Kuna dawa ya kiprogramu. Faili la /proc/acpi/wakeup linaorodhesha wote wenye ruhusa ya kuamsha: LID ni kifuniko, XHC ni msimamizi wa USB. Ukiliandikia jina XHC ukiwa na mamlaka ya msimamizi, ruhusa inageuka, kutoka ndiyo kuwa hapana. Ukiwasha mashine upya inarudi ilivyokuwa, na ukisahau ukaandika mara mbili umeirudisha mwenyewe. Nilijaribu wiki moja nikachoka. Sasa nang'oa kipokezi.

Upande huo wa uchunguzi nina sifa moja zaidi ya kutoa. Kerneli inakuruhusu kufanya mazoezi ya kulala. Kwenye /sys/power/pm_test unachagua hatua ya kuishia: freezer, yaani kugandisha programu tu, devices, kuongeza vifaa, kisha platform, processors na core. Unaiambia ilale, inafika hatua hiyo, inangoja sekunde tano, inarudi. Ikikwama unajua imekwama mlango gani. Ni kama yale mazoezi ya harusi kanisani siku ya Ijumaa: hakuna anayeoa, lakini utamjua msimamizi asiyejua pa kusimama.

Haya, fofofo.

Kama ningeulizwa mwaka jana, ningesema Linux haina kitu hicho. Kwenye menyu ya kuzima hakikuwepo. Kumbe kimo ndani ya kerneli tangu zamani. Majina ya Gábor Kuti na Pavel Machek yako juu ya msimbo wake tangu 1998, na baadaye la Rafael Wysocki, ambaye ndiye msimamizi wa mambo ya umeme katika kerneli. Kulikuwa hata na mradi wa pembeni, TuxOnIce wa Nigel Cunningham, ambao watu waliusifu kwa miaka na haukuwahi kuingizwa kwenye kerneli kuu. Lakini kwa sababu kwenye mashine nyingi kilikuwa kinabahatisha, wasambazaji wakakificha. Ubuntu walikiondoa kwenye menyu kuanzia toleo la 12.04, mwaka 2012. Sahani iko jikoni, mhudumu ameambiwa asiitaje.

Kuipata ilinichukua Jumamosi mbili. Naeleza kwa ufupi, maana hatua zinatofautiana kwa kila toleo. Kwanza unahitaji swapu, ile sehemu ya diski ambako kumbukumbu huandikwa. Kongwe ilikuja na faili la swapu la GB 2, dogo mno. Kerneli kwa kawaida hulenga picha, yaani nakala ya kumbukumbu inayoandikwa diskini, ya takriban mbili ya tano ya kumbukumbu, kwa GB 8 ni kama GB 3.2, na huibana kabla ya kuiandika. Lakini usiku ambao nimefungua PDF zilizoskaniwa lengo hilo halifikiwi. Nikatengeneza faili la GB 10 nikaacha mabishano. Kisha unaiambia kerneli, kwenye mstari wa kuwashia, picha itafutwe wapi: resume= kwa diski, na kama swapu ni faili, resume_offset= kwa mahali faili linapoanzia. Namba hiyo inatoka kwa amri ya filefrag, na jedwali lake lina safu mbili zinazofanana. Nilichukua namba ya safu isiyo yake. Mashine ikakataa kulala, ikilalamika haioni swapu. Nilihariri mikataba ya ardhi miaka kumi na mbili bila kukosea namba ya kipande, nikakosea hii.

Jumamosi ya pili ikaliwa na Secure Boot. Nimepanga kila kitu, naamuru systemctl hibernate, napata jibu kwamba fofofo imezuiwa, soma kernel_lockdown. Nikasoma, na kwa kweli sababu ina akili. Tangu kerneli 5.4 ya mwaka 2019 kuna ulinzi unaoitwa lockdown, na matoleo mengi huuwasha Secure Boot ikiwa imewashwa. Secure Boot inahakikisha kerneli inayowaka ina sahihi halali. Sasa picha ya fofofo ni kumbukumbu nzima, kerneli ikiwemo, imelala diskini bila sahihi. Mwenye kuifikia diski anaweza kuichezea, na asubuhi mashine ikaamka na kerneli ya mtu mwingine. Kwa hiyo wanasema chagua moja. Nilichagua fofofo, nikaizima Secure Boot ya Kongwe.

Sikuamua hivyo kirahisi. Hati ninazoshika ni siri za watu: talaka, mirathi, nani alimpiga nani. Picha ile ikiandikwa diskini wazi wazi, aliyeiba laptopu amepata pia kila kilichokuwa kwenye skrini. Ndiyo maana kabla ya yote nilisakinisha upya diski nzima ikiwa imesimbwa kwa LUKS, swapu ikiwa ndani yake. Kila asubuhi naandika nywila ndefu kabla mashine haijasoma picha. Kama hutaki usumbufu huo na unashika hati za wateja, mimi singekushauri uiwashe fofofo hata kidogo.

Baada ya hapo imekuwaje? Kongwe hulala fofofo kwa sekunde kama 22, nimepima kwa saa ya simu, na huamka kwa sekunde 35 hivi ukitoa za kuandika nywila. Dakika ya kwanza ni nzito: kivinjari kinasita, kamusi inafunguka kwa kujivuta. Nilidhani ni uzee wa diski. Kumbe kerneli hupiga nakala ya kumbukumbu ndani ya kumbukumbu hiyo hiyo kabla ya kuiandika, hivyo picha haiwezi kuzidi nusu yake, na ili kupata nafasi hutupa kwanza vile vitu ilivyokuwa imevikusanya kwa ajili ya kasi. Ukiamka inavikusanya upya. Ni kama kuhama nyumba na vyombo tu, mboga utanunua huko huko.

Wi-Fi imegoma kurudi mara tatu ndani ya miezi minane. Sauti mara moja. Nilipoondoa moduli ya Wi-Fi na kuipakia tena ikarudi, sikuhangaika zaidi.

Lililonisumbua kweli ni hili. Mei, jioni, stima imeenda. Nikaiamuru Kongwe ilale. Skrini ikazima, nikasikia diski kimya, feni bado. Baada ya muda skrini ikawaka tena pale pale. Nikarudia, ikarudia. Kwenye maandishi ya mfumo: kugandisha kumeshindikana baada ya sekunde 20.00. Kerneli huwapa programu zote sekunde hizo 20 zisimame. Mmoja akikataa, safari inaahirishwa kwa wote. Aliyekataa ni sshfs, ambayo nilikuwa nikiitumia kuunganisha folda ya mteja iliyo kwenye seva ya mbali ionekane kama ya humu ndani.

Fuateni mnyororo huu, maana ni wa kwetu kabisa. Stima inakwenda. Ruta inazimika nayo. Folda ya mbali inapotea. Programu iliyokuwa inasoma folda hiyo inakaa ikingoja jibu ambalo halitakuja, na ikiwa katika kungoja huko haigandishiki. Kerneli inashindwa kulala. Yaani ile ile stima inayonifanya nihitaji usingizi ndiyo inayouzuia. Katika miji ambako umeme haukatiki sidhani mtu analiona tatizo hili mara nyingi. Dawa ya haraka ni fusermount -uz ikifuatwa na jina la folda, inaitenga papo hapo hata kama bado inatumika. Dawa yangu ya kudumu ni kwamba sasa nanakili hati kwanza, nafanyia kazi nakala, jioni nazirudisha.

Hapa Linux naikata alama. Kama imeshindwa kulala, iseme. Iandike kwa herufi kubwa katikati ya skrini kwamba programu fulani imekataa. Kuwaka tena kimyakimya, wakati mwenye mashine huenda ameshaitia mkobani, ni tabia ya fundi anayekwambia "imepona" akiwa hajaifungua.

Mpangilio niliofikia kwa Kongwe ni huu. Nikifunga kifuniko inalala pono. Ikipita nusu saa haijafunguliwa inaamka yenyewe kidogo, inaandika picha, inazimika. Hilo linaitwa suspend-then-hibernate, na muda unawekwa kwa HibernateDelaySec ndani ya faili la mipangilio la sleep.conf. Halafu kuna betri. Kwa kawaida UPower, programu inayoangalia betri, hungoja hadi asilimia 2 ndipo ichukue hatua, jambo jema kwa betri mpya. Betri ya Kongwe ikifika 9 hushuka hadi sufuri kama lifti iliyokatika kamba, kwa hiyo nimeiwekea 12, na hatua iwe fofofo.

Onyo moja ambalo nyaraka za kerneli zenyewe zimeliandika kwa herufi kubwa: mashine ikiwa fofofo, usiiguse diski yake kwa mfumo mwingine. Usiiwashe kwa flashi ukafungua mafaili, usiipeleke kwa fundi "aangalie kidogo". Kerneli ikiamka itaendelea kuamini diski iko ilivyoiacha, na itaandika juu ya kile ulichobadilisha. Wao wanasema uiage data yako. Nimebandika karatasi chini ya Kongwe: USIWASHE NA FLASHI. Mume wangu aliuliza kama ni dawa.

Alama, basi. Usingizi wa pono kwenye Kongwe naupa tisa juu ya kumi, hiyo moja ni ya Wi-Fi. Fofofo naipa nane kwa inavyofanya kazi na tatu kwa inavyopatikana. Mtu asiyependa kusoma nyaraka ndefu hataifikia, na ni yeye hasa anayeihitaji, mwenye saluni anayepiga hesabu za siku, mwanafunzi wa chuo anayeandika mradi kwa betri ya dakika arobaini. Mang'amung'amu naipa nne, na hata hizo ni za kerneli kwa kuniandikia kila ilipoamka.

Kwa mnunuzi wa mtumba hapa Nairobi, mimi ningeacha wembamba na miaka. Ningeuliza kwanza mabano yako wapi kwenye mem_sleep. Laptopu ya kizazi cha 6 yenye deep, diski ya SSD na swapu ya kutosha imenihudumia kuliko ya shilingi 48,000.

Changa sikuiuza. Iko mezani kwa binti yangu, waya wa chaji haung'oki, na yeye anaisifu kwa skrini. Mkobani nabeba Kongwe. Kipokezi cha kipanya nimekitia kwenye kile kimfuko cha sarafu, pamoja na nauli, kwa hiyo kondakta akiniomba pesa nakikuta na kukumbuka kama nimeking'oa.